Ngoma ya uwanjani inayopokewa na mtaa mzima: mwongozo kamili wa kuiandaa

Nenda kwenye onyesho lolote la wazi mjini utamsikia MC akipaza sauti, "Mikono juu! Sikusikii!", huku watu wamekunja mikono kifuani. Halafu watu hao hao wakutane kwenye kidumbak cha harusi Unguja au kwenye mdundiko unaokatiza mitaa ya Temeke: wanapokea wimbo bila kuombwa, wanaingia kati kucheza, na ukiwaambia ngoma imekwisha wananuna. Kwa hiyo tusiwalaumu watazamaji kwamba wamepoa. Aliyeandaa hakuwaachia nafasi, si kwenye wimbo, si kwenye uwanja, si kwenye spika.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandaa onyesho la alasiri kwenye uwanja wa mtaa, la watu kama mia mbili mpaka mia nne, ambamo watazamaji wanaimba, wanapiga makofi na wanacheza. Mifano nimeichukua Dar es Salaam na Pwani. Aliye Tanga, Mombasa au Unguja atabadilisha majina ya ofisi na, akiwa nje ya Tanzania Bara, sheria pia.

Chagua kikundi kinachojua kusubiri

Kikundi kizuri kwa kazi hii si lazima kiwe chenye jina kubwa. Kinachotakiwa ni manju, yaani kiongozi wa wimbo, anayeweza kutupa mstari, akanyamaza, akasubiri watu wajibu. Wapo waimbaji wazuri sana ambao hawawezi kunyamaza hata sekunde mbili. Hao waache kwa shughuli nyingine.

Kidumbak kinafaa sana kwa uwanja mdogo: fidla, vidumbak viwili (ngoma ndogo), sanduku la besi, cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Vyombo ni vichache, wapigaji wanakaa karibu na watu, na desturi yenyewe ni ya kucheza kwa kuzunguka. Ngoma za Wazaramo zinafaa pia, na mdundiko una faida moja zaidi kwa kuwa ni ngoma ya kutembea: unaweza kuanza nao mitaa miwili nyuma ukakusanya watu njiani ukawaleta uwanjani. Vikundi vya muheme vya kina mama wa Kigogo vinaimba kwa sauti kadhaa zinazopishana. Wanapendeza mno, ila mgeni atachukua muda kujua aingie wapi, kwa hiyo wape sehemu ya kusikilizwa na kutazamwa. Singeli nayo ina mashabiki wake, lakini mwendo wake huvuka mapigo 200 kwa dakika, na mara nyingi hufika mbali zaidi ya hapo. Hakuna umati unaoweza kupiga makofi kwa kasi hiyo ukabaki pamoja. Ukiialika, watu wapige kofi moja kwa kila mapigo mawili au manne.

Usialike vikundi vitano. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila kikundi kitataka dakika kumi za ziada. Viwili vinatosha, vitatu ndio mwisho.

Uwanja, jua na upepo

Chagua mwezi kwanza. Pwani ya Tanzania masika hunyesha Machi hadi Mei, na vuli huja Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba ni kavu na hakuna joto kali, ila upepo wa kusi unavuma. Ukiangukia Ramadhani, ahirisha.

Wapange wanamuziki upande wa mashariki wa uwanja wakitazama magharibi. Saa kumi jioni jua liko magharibi, kwa hiyo watazamaji watakuwa wameligeuzia mgongo. Mtu anayepigwa na jua usoni hakai robo saa. Wanamuziki ndio watakaotazama jua, na wao watafungiwa turubai lenye upande wa mbele ulioshushwa kidogo. Mpangilio huu una faida ya pili. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo pepo zote mbili zitasukuma sauti kuelekea kwa watu.

Sahau jukwaa. Kwa watu mia tatu jukwaa la mita moja na nusu linawatenga tu. Wapigaji wakae chini au kwenye viti vifupi, na watu wawazunguke nusu duara. Piga hesabu hivi: nusu duara yenye kipenyo cha mita 24, yaani mita 12 kutoka katikati hadi ukingoni, ina takriban mita za mraba 226. Toa eneo la kuchezea la mita nne mbele ya ngoma, zinabaki kama mita za mraba 200. Kwa watu wawili kila mita ya mraba, mia nne wameenea na bado wanapitika.

Mpangilio wa kukaa ni majamvi mbele kwa watoto, nyuma yao viti vya wazee na wajawazito, kisha wanaosimama. Acha vichochoro viwili vya upana wa mita moja na nusu vinavyotoka katikati hadi nje. Vichochoro hivyo ni vya dharura, na pia ndivyo watakavyopita wanaotaka kuingia kucheza. Mama aliyeketi safu ya tano hawezi kuruka vichwa vya watu ili akacheze. Atabaki amekaa, nawe utasema hadhira imepoa.

Kwa nini umati hupiga makofi nje ya mapigo

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 34 kutoka kwenye ngoma anaisikia ikiwa imechelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Anapiga kofi kwa wakati anaousikia yeye, na kofi lake linachukua sehemu nyingine ya kumi kurudi mbele. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo mpigaji anasikia makofi ya nyuma yamechelewa karibu nusu ya pigo. Hapo mpiga ngoma asiye na uzoefu huanza kupunguza mwendo awafuate, wao nao wanazidi kuchelewa, na wimbo unakufa.

Ndiyo maana nimesisitiza mita 12. Katika umbali huo ucheleweshaji hauna maana. Umati ukifika mita 20 na zaidi, acha makofi ya pamoja yasiyokatika, nenda kwenye kuitikia: manju anatupa mstari, kimya kidogo, watu wanajibu. Jibu likichelewa kidogo halimsumbui mtu, kwa sababu pengo limeachwa kwa ajili yake. Na mwambie mpigaji mkuu waziwazi kwamba makofi ya nyuma asiyafuate.

Vibali, bila kuzunguka sana

Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, kwa mguu, kabla ya barua. Mwenyekiti ndiye atakayekuambia kama siku hiyo kuna harusi upande wa pili au uwanja umeahidiwa timu ya mpira. Kisha barua: moja kwa mtendaji, moja kwa afisa utamaduni wa halmashauri, moja kituo cha polisi. Peleka wiki tatu kabla, baki na nakala iliyogongwa muhuri, na siku yenyewe uwe nayo mfukoni, si nyumbani. Taja tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu unaotegemea, na jina la mtu mmoja wa kuwajibika.

Kwa nyimbo za kutungwa zenye wenyewe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakuhusu hata kama hutozi kiingilio. Uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema utaratibu wa leseni ya kupiga nyimbo hadharani. Muulize pia kiongozi wa kikundi kuhusu usajili wao BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kuhusu kelele, zipo kanuni za mazingira za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na majirani wengi sasa wanazijua kuliko waandaaji.

Barua ya mwisho haiandikwi: zungukia nyumba zinazopakana na uwanja, bisha hodi, waeleze saa ya kumaliza. Ukikuta msiba mtaani siku hiyo, ngoma haipigwi. Hilo halijadiliwi, hata kama umeshalipa jenereta.

Nyimbo: hapa tumia muda wako mwingi

Kiitikio kiwe kifupi. Maneno matatu mpaka sita, yanayosikika mara moja na kushikika mara ya pili. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo umati unaweza kuivuta ya mwisho kadiri unavyotaka. Malizia kiitikio kwa a, e au o; hizo hufungua mdomo.

Sauti isipande sana. Kiitikio kikae ndani ya nota sita, do mpaka la, na do yenyewe iwe mahali ambapo mama wa kawaida anaweza kuimba bila kukaza shingo, na baba akaipokea chini yake. Waimbaji hodari hupenda kupanda ili waonyeshe koo zao. Wapande kwenye ubeti, huko ni kwao. Kupima ni rahisi: mwimbie kiitikio mtu asiye mwimbaji kabisa, muuza chipsi au dereva wa bodaboda, mara mbili. Akishindwa kukirudisha, kibadilishe.

Pigo la makofi nalo liwe moja tu kwa wimbo mzima. Kama unataka la pili, lianze baada ya la kwanza kukaa, na lifundishwe na kikundi kwa kulipiga, si na MC kwa kulieleza.

Panga nyimbo kama ngazi. Wimbo wa kwanza hauombi chochote. Watu bado wanatafuta mahali pa kusimama na kuangalia nani amekuja. Wa pili una makofi peke yake. Wa tatu una kiitikio wanachokijua tayari, wimbo wa harusi au wa mchezo wa watoto ambao kila mtu amekua nao. Kiitikio kipya kinakuja wimbo wa nne, wakati koo zimeshafunguka. Kuanzia wa tano fungua uwanja watu wacheze. Ukianza kwa kuwaita watu kati kwenye wimbo wa kwanza watakuja walevi wawili na mtoto mmoja, na wenye heshima zao watajiweka mbali jioni nzima.

Manju aachiwe nafasi ya kutunga papo hapo: jina la mtaa, mvua iliyochelewa, timu iliyofungwa jana. Mtu akisikia jambo lake limeimbwa, ataitikia. Mpe manju orodha ya majina ya kutaja, na orodha nyingine, muhimu zaidi, ya mambo yasiyotajwa: ugomvi wa mipaka ya viwanja, wagombea, na ndoa za watu. Mafumbo ya taarabu ni matamu mpaka mlengwa awe amesimama safu ya pili.

Panda wapokeaji kati ya watu

Hii ndiyo mbinu inayofanya kazi kuliko zote, na haina gharama zaidi ya nauli na soda. Tafuta watu kumi na wawili mpaka kumi na watano kutoka kikundi cha vikoba, kwaya ya mtaa au vijana wa mpira. Wafundishe viitikio na makofi, mazoezi mawili yanatosha. Siku ya onyesho wasivae sare na wasikae pamoja. Watawanyike wawili wawili katika kila upande wa nusu duara, hasa nyuma na pembeni.

Mtu huimba akimsikia aliye karibu naye anaimba. Hakuna MC anayeweza kufanya kazi hiyo kwa kipaza sauti. Kwa Pwani, kina mama wakishika wimbo na vigelegele vikapasuka, wanaume watafuata baada ya dakika chache, kwa hiyo theluthi mbili ya wapokeaji wako wawe wanawake.

Gawa pia vyombo vidogo: kayamba, manyanga, njuga, chupa za plastiki zenye kokoto au mchele. Wape safu za mbele tu, ndani ya mita sita au saba, kwa sababu ya ule ucheleweshaji. Debe na filimbi usimpe mtu. Mtoto mmoja mwenye filimbi anatosha kuua kidumbak kizima.

Spika ziwasaidie watu kujisikia

Spika mbili zenye amplifaya yake ndani, mikisa ndogo ya kuchanganya sauti, maiki nne mpaka sita. Basi. Ngoma nyingi hazihitaji maiki kwa uwanja huu. Fidla, manju na wapokeaji wa kikundi ndio wanaozihitaji. Spika zisimame mbele ya maiki, juu ya vichwa vya watu, zisielekee kwa waimbaji, la sivyo zitapiga mluzi. Maiki zivalishwe sponji, maana kusi ikiingia ndani yake utadhani lori linapita.

Watu wakishindwa kusikia sauti yao wenyewe, wataacha kuimba, na hapo ndipo mafundi mitambo wengi wanapoharibu bila kujua. Wanasikia umati umeanza, wanafurahi, wanaongeza sauti. Mwelekeze fundi wako afanye kinyume: kiitikio kinapofika, ashushe maiki ya manju na ya kikundi kidogo, awaachie watu. Ubeti ukirudi, apandishe. Kaa naye kwenye mazoezi mpaka aone maana yake.

Kuhusu ukali, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kwenye kumbi na matukio ya muziki wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Kwa onyesho la mtaa hata hizo ni nyingi. Desibeli 85 hadi 90 safu za mbele zinatosha kabisa, na programu ya simu ya kupimia kelele itakupa makadirio. Hewani sauti hushuka takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, ndiyo maana spika zilizoinuliwa ni bora kuliko spika kubwa zilizowekwa chini zinazowaumiza watoto wa mbele. Usiku hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti hupindishwa kurudi ardhini na kusikika mbali zaidi. Jirani anayelalamika saa tatu usiku hadanganyi hata kama hujagusa kitufe.

Jenereta ya kVA 3 inatosha kwa vyombo hivi. Iweke mita 20 au zaidi upande wa chini wa upepo, mbali na watoto, na mafuta yajazwe ikiwa imezimwa. Nyaya zipite pembeni, si katikati ya wachezaji. Pasipokuwa na njia nyingine, zifukie kidogo mchangani na uzifunike kwa mkeka. Turubai la akiba la kufunika mikisa liwe karibu. Mvua ya dakika tano inatosha kukutia deni.

Ngoma za ngozi zilegezwe au zikazwe mapema. Hewa ya pwani ina unyevu na ngozi ya mbuzi hulegea, kwa hiyo wapigaji watahitaji moto wa makuti au majani makavu nusu saa kabla. Tenga mahali pa moto huo, ndoo ya mchanga pembeni, na mtu wa kuwazuia watoto.

Ratiba ya siku

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi, kulingana na mwezi. Angalia saa ya adhana ya magharibi ya siku yako, kisha panga kwa kurudi nyuma.

Saa 6 mchana vyombo vifungwe na vijaribiwe, wakati uwanja ni mtupu. Saa 9 na nusu watu wa majamvi, maji na ulinzi wawe mahali pao. Baada ya swala ya alasiri, karibu saa 10 na robo, mdundiko au ngoma moja ianze kuita watu. Saa 10 na dakika 40 kikundi cha kwanza. Saa 11 na nusu cha pili, na hapo ndipo uwanja unafunguliwa. Malizeni dakika kumi na tano kabla ya adhana. Alasiri ina saa moja na nusu ya muziki, nayo inatosha. Hotuba za wageni waalikwa zisizidi dakika tano zote kwa jumla, ziwekwe katikati ya vikundi viwili na kamwe zisiwe mwanzoni.

MC mchague mpole. Kazi yake ni kutambulisha, kutangaza mtoto aliyepotea, na kukaa kimya.

Kutunza, na fedha inayoanguka chini

Watu watatunza. Wataingia wakicheza na noti mkononi, wengine watambandika manju usoni. Kubaliana na kikundi siku tatu kabla, mbele ya mashahidi wawili: je, tunzo ni za aliyepewa, za kikundi kizima, au zinagawanywa? Vikundi vingi vina desturi yao, ifuate. Weka bakuli au kitenge mbele ya ngoma na mtu mmoja wa kuokota, anayejulikana na wote. Tunzo hazihesabiwi kama malipo. Posho, nauli na chakula cha wapigaji viwe vimetengwa pembeni na vilipwe jioni hiyo hiyo kabla hawajapakia ngoma kwenye gari.

Watoto na dharura

Ngoma inayotembea huvuta watoto, na wazee wa Dar wanakumbuka watoto waliofuata mdundiko wakajikuta mtaa wasioujua. Ukianza na mdundiko, weka watu wazima wawili mwisho wa msafara na meza moja uwanjani ya watoto waliopotea, yenye maji na mama anayejulikana. Ndugu wa Msalaba Mwekundu wa wilaya ukiwaandikia mapema wanaweza kukupatia watu wa huduma ya kwanza. Wasipopatikana, tafuta muuguzi anayeishi mtaani. Bajaji moja ikae upande wa kutokea, ikiwa imegeuzwa kuelekea barabarani, na dereva asiende kucheza. Madumu ya maji ya kunywa yawe pande zote mbili.

Wanaoingia kati kucheza wasipigwe picha za karibu na kurushwa mitandaoni bila ridhaa yao, hasa kina mama na wasichana. MC aliseme hilo mwanzoni, mara moja. Ikijulikana kwamba uwanja wako ni wa kurekodiwa viuno, mwaka ujao utabaki na wapiga picha peke yao.

Kesho yake asubuhi wapange vijana wazoe chupa, wafukie jivu la moto wa ngoma na kurudisha magoli ya mpira yalipokuwa. Kisha pita kwa mwenyekiti na kwa zile nyumba zinazopakana na uwanja, uulize sauti ilifikaje na saa ya kumaliza iliwafaa au la. Majibu yao yaandike kwenye daftari lile lile lenye orodha ya nyimbo.